Kila Nusu Saa Kutoka Kitale

Sumeya alianza kuamini kwamba kompyuta ya Kitale inamkaidi. Alikuwa akifanya kazi Bungoma, ofisi kuu ya kampuni ya mbegu, na mwaka huo wa 2001 alipewa jukumu la kuangalia afya ya kompyuta za maghala ya mbali. Ile ya Kitale ilipiga simu yenyewe kila baada ya saa sita, ikatuma habari zake: kasi yake, imejaa kiasi gani, imekwama mara ngapi. Ilipoanza kulegea, Sumeya akaona saa sita ni muda mrefu mno. Akaiwekea agizo, nayo ilipopiga tena ikalichukua: tuma kila nusu saa.

Siku hiyo habari zikamiminika. Asubuhi yake, kimya. Ilipopiga hatimaye, akaona mpangilio umerudi kuwa wa kila saa sita. Akaubadilisha. Ukarudi tena.

"Hii mashine inajisahau," alimwambia mkubwa wake, Wanyonyi.

"Mashine haijisahau, madam. Angalia kama unahifadhi."

Sumeya akaanza kujishuku mwenyewe. Alihifadhi, akafungua kuhakikisha, akahifadhi tena. Alipompigia karani wa ghala kule Kitale, simu ilikuwa inatumika. Akajaribu baadaye, vilevile.

Kesho yake akapigiwa yeye.

"Madam, ni Rotich, karani wa Kitale. Napiga kutoka kwa kibanda cha simu. Hii kompyuta yenu iko na shida. Naiweka itume kila saa sita vile fundi alinionyesha, halafu inajirudisha nusu saa."

Sumeya aliusogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Kwani ni wewe unaibadilisha?"

"Ndiyo, ni mimi. Inatumia laini moja na simu ya ofisi. Ikianza kutuma, inakaa. Wakulima wa Kachibora wanapiga kuuliza kama mbegu imefika, hawanipati. Jana mama mmoja amekuja mpaka hapa, akakosa mbegu, akarudi hivyo tu. Nilisikia vibaya."

"Nusu saa niliweka mimi, Rotich."

"Ati wewe? Na hukuniambia?"

"Nimekupigia mpaka nikachoka. Simu inatumika."

Rotich akacheka kidogo, naye Sumeya akacheka, ingawa uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

Wakakubaliana kompyuta itume kabla ya ghala kufunguliwa, wakati wa chakula cha mchana, na jioni baada ya kufunga. Rotich aliahidi kutogusa kitu.

"Kwa hivyo ulegevu wa kompyuta ulitokana na nini?" Wanyonyi aliuliza.

Sumeya alizipitia takwimu upya. Siku za nusu saa kompyuta ilikuwa nzito zaidi, hilo aliliona. Lakini ilikuwa imelegea hata kabla hajaigusa, na sasa, kwa habari chache hivi, huenda ikalegea na kupona bila yeye kujua.

"Bado sijui," alisema, akavuta kiti karibu na skrini kungoja habari za mchana.