Koti la Mzee wa Gitaa

Nawatega, tegeni masikio. Nina mikono lakini sina vidole, nina shingo lakini sina kichwa, na usiponipa mabega nitalala chini mpaka kesho. Mkishindwa msinipe mji, nyumba yangu inanitosha. Ni koti. Na koti ninalowasimulia lilikuwa la zambarau, limevaliwa na mwimbaji mkongwe ambaye watu wote walimwita Mzee wa Gitaa.

Jioni hiyo Mzee alikuwa peke yake jukwaani, hana bendi wala waitikiaji, kiti kimoja tu na gitaa lake. Safu ya pili kutoka mbele waliketi Mkunga na Fundi. Mkunga alikuwa ameshastaafu, ila jina ndilo lililokataa kustaafu. Fundi alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwao, aliyefiwa na mkewe zamani, na lile koti ni kazi ya mikono yake. Alimkatia Mkunga tiketi ili aje alione likimeremeta. Tena alikuwa na lake rohoni: alishamwomba amuoe, na Mkunga hajasema ndiyo wala hapana.

Si kwamba hampendi. Ana sketi moja aliyoipeleka kwa Fundi kupunguzwa mara nyingi mpaka sketi yenyewe ikachoka. Lakini marehemu mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kukosea maishani mwake. Bati likivuja, kosa la mvua. Akipotea, kosa la njia. Mkunga alishamwambia binti yake waziwazi kwamba mwanamume mwingine wa namna hiyo hamtaki, afadhali abaki na paka wake.

Njia nzima Fundi alikuwa amejisifu. Yeye dereva humpima akiwa ameketi, mwalimu humpima ameinua mkono kama anayeandika ubaoni, kwa sababu nguo huvaliwa kazini. Mkunga akamuuliza, je, Mzee naye alimpima akiwa na gitaa? Fundi alikohoa, akaanza kusifia viti vya ukumbini, na hata hawajafika.

Wimbo wa kwanza, mkono wa koti ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Wimbo wa pili, mgongo ukavutika kama ngozi ya ngoma. Fundi alikuwa akilowa jasho jembamba, haimbi, hapigi makofi, macho yote kwapani mwa Mzee.

"Fundi," Mkunga akamnong'oneza, "hilo koti lina uchungu. Nimezalisha miaka mingi, nakwambia halifiki wimbo wa nne."

Fundi akasema nyuzi za siku hizi si nyuzi, na vitambaa navyo hovyo. Mkunga alicheka, lakini moyoni kitu kikamwanguka pu. Hiyo ilikuwa ile mvua ya marehemu, imerudi na cherehani.

Wimbo wa tatu haukuisha. Mzee alipokuwa akilikumbatia gitaa kwa ule mpigo wake wa haraka, kwapa likapasuka, na mlio wake ukasikika mpaka viti vya nyuma. Akasimamisha wimbo. Akainua mkono, akachungulia tundu, akalichungulia tena. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Jamani," akasema, "aliyenishonea hili yumo humu?"

Fundi aliteremka kitini mpaka magoti yakagonga kiti cha mbele. Mkunga hakumgusa wala hakumtazama. Alikaza macho jukwaani, mkoba ameubana kifuani, akawa anasubiri tu kama alivyozoea kusubiri watoto wanaochelewa kutoka.

Fundi akasimama.

"Ni mimi, Mzee. Ulipoingia dukani nilifurahi mno, nikakupima umesimama wima kama mtu wa picha ya kitambulisho. Gitaa sikulikumbuka. Uzi hauna kosa, kitambaa hakina kosa. Nimekosea mimi."

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Akalivua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, akasema basi wimbo unaofuata ni wa fundi wake, naye atauimba na shati lake kuukuu lisilo na makuu. Watu wakapiga makofi. Fundi bado amesimama palepale, hajui mikono aiweke wapi.

Mkunga akamvuta shati taratibu.

"Lile uliloniuliza," akasema, "jibu lake ni ndiyo. Sasa keti, unawaziba watu."