Kura Tatu, Jina Moja

Kabla ya kura ile, Benedikta alikuwa ameshaagana na Muscat moyoni. Kwa miaka minne alimtunza Bi Nadra, bibi mzaliwa wa Unguja, nyumbani kwa bintiye Ruqaya huko Al Amerat. Mkataba ulibakiza miezi miwili. Binti yake mwenyewe, aliyelelewa na shangazi kule Kamachumu, angepata kipaimara Desemba, na Benedikta alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo watakuwa pamoja.

Ndipo mlezi wa akina mama wa ushirika wa Waswahili, wanaosali Ijumaa asubuhi Ruwi, akarudi kwao. Kazi ya mlezi ni kutembelea wagonjwa na kupokea simu za mabinti waliokwama kwa waajiri. Mzee wa kanisa, Godson, msimamizi wa jiko katika hoteli moja ya Qurum, akasema safari hii hakuna kupendekezana. Mitume walimpata Mathiya kwa kura, nao watapiga kura.

"Weka jina lako, dada," Anjelina alimwambia. Anjelina alikuwa karani wa ushirika, na rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Mimi naenda nyumbani, wewe."

"Basi mwachie Mungu. Asipokutaka, utaondoka na amani. Akikutaka, utamkimbilia wapi?"

Benedikta akakubali jina lake liandikwe. Alifunga siku tatu, akaweka nadhiri: jina likitoka, atabaki, lisipotoka, ataondoka bila kugeuka nyuma. Majina yalikuwa matatu, lake, la Anjelina na la Mganda mmoja aitwaye Nakabugo. Godson akatia mkono katika hotipoti iliyofunikwa kanga, akatoa kikaratasi, akasoma: Benedikta.

Vigelegele vikapaa. Yeye alilia, watu wakadhani ni furaha. Jumapili akasaini miaka miwili mingine, kisha akampigia binti yake kumwambia hatakuja Desemba. Mtoto akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza.

"Mungu ndiye aliyesema, au ni wewe?"

"Ni Mungu, mwanangu."

"Haya," akasema, akampa shangazi simu.

Wiki ya tatu ikawa zamu yake ya kusafisha ukumbi. Kabatini, nyuma ya madaftari ya kwaya, akaikuta ile hotipoti, na ndani vikaratasi viwili vilivyobaki. Akavikunjua, labda kuona tu majina ya wale ambao Mungu aliwaruka. Kimoja kiliandikwa Benedikta. Cha pili, Benedikta. Mwandiko ulikuwa ule wa duara duara wa Anjelina.

Akaketi juu ya spika, ufagio mkononi.

Alipoulizwa, Anjelina hakukana. "Niliandika mimi. Mzee alijua."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyefaa, kila mtu aliona. Mungu alikuwa ameshakuchagua, dada. Sisi tulihakikisha tu." Kisha sauti ikamshuka. "Na mimi ungeniacha na nani hapa?"

Godson naye hakutahayari. "Dada Bene, Mungu huchagua kabla hatujazaliwa. Yakobo hakuomba kuchaguliwa. Yona alikataa, akaenda vilevile. Hata mkono wa Anjelina ulikuwa ndani ya mkono wa Mungu."

"Basi na mkono wa Yuda pia. Mbona yeye hatumshukuru?" Benedikta akamwonyesha vile vikaratasi. "Mlimwachia Mungu nafasi gani ya kusema hapana, mzee? Na mimi mliniachia ipi?"

Nyumbani, Bi Nadra alimwona macho yamevimba, akamhoji hadi akasema yote. Bibi akaiweka chini tasbihi yake.

"Sasa mie n'ambie kweli," akasema. "Kila alfajiri nlikuwa nnaomba dua usende zako. Basi nami nna dhambi?"

"Wewe uliomba, bibi. Hukumwandikia Mungu jibu."

"Haya. Lakini ujue, nilifurahi."

Benedikta akamfunika miguu shuka, akatoka. Hata hilo lilimchoma.

Ijumaa iliyofuata alisimama mbele ya wote, akaeleza, akavionyesha vile vikaratasi. Akadai kura ipigwe upya, kila mmoja wa wale watatu aandike jina lake kwa mkono wake. Si kwamba aliutaka ulezi. Alitaka kujua Mungu angesema nini kama angeachwa aseme, na moyoni alikuwa na hakika kwamba wote wawili walidanganywa pamoja, yeye na Mungu wake. Dada mgeni, aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, akaombwa achote kimoja.

Akakikunjua, akasoma taratibu: "Be-ne-dik-ta."

Anjelina akaanguka magotini akilia. "Mnaona?" Godson akasema kwa sauti ndogo.

Benedikta akamsogelea yule mgeni. Rafiki alikuwa amemtenda, mzee amemtenda, na sasa na Mungu wake, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amebaki upande wake. Akakichukua kikaratasi, akakitazama. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Nimesikia," akasema. "Sitaki."

"Dada, hiyo ni sauti ya Mungu!" mtu akapaza kutoka nyuma.

"Na hii ni yangu. Yeye ndiye aliyenipa."

Akatoka. Nakabugo akaichukua kazi ya ulezi, na akaifanya vizuri. Ruqaya hakukubali kuuvunja mkataba hadi apatikane mtu mwingine, na mtu huyo alikuja Februari. Kipaimara kilikuwa kimepita. Binti yake alituma picha moja, bila maneno. Benedikta aliendelea kusali, ila hakuomba ishara tena, na nadhiri aliyoivunja ilimwamsha mara nyingi kabla ya adhana.

Wiki ya kuondoka, Anjelina alikuja hadi getini, jua la mchana likimwakia kichwani. Benedikta akamletea maji, lakini hakumkaribisha ndani.

"Umenisamehe?"

"Bado sijachagua."

Anjelina akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akateremka barabarani kutafuta teksi.