Dakika Zilizoshonewa Humo Humo

"Kwa wiki unaongea dakika ngapi, baba?" aliuliza dada wa laini za simu, kalamu mkononi, chini ya mwavuli wake uliopauka.

"Siongei," alijibu dobi.

Dada wa laini akacheka, akidhani ni utani. "Basi wewe ni mtu wa meseji. Kuna kifurushi cha meseji mia tano, unapewa na dakika..."

"Meseji sitaki. Wala dakika sitaki. Mbona hunielewi?"

Angemwelewaje, naye hajamwambia kitu? Ndivyo alivyokuwa dobi huyu. Mtaa mzima ulimwita Pasi Moto, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Alitaka watu waijue shida yake bila yeye kufungua mdomo, na wakishindwa kuijua, alikasirika.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Alikuwa na binti mmoja, fundi cherehani, na binti huyo alikuwa hasikii. Homa ya utotoni ilimwachia uhai ikaondoka na masikio. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kushona suti kwa mwaka mzima, kwenye karakana kubwa, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Jibu lilitakiwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Binti alikuwa ameweka sharti moja tu: ataenda kama ataweza kuzungumza na baba yake kila siku. Na wawili hao walizungumza kwa mikono. Mama alijua ishara za nyumbani tu, za kula, njoo, lala na usinichezee. Mazungumzo yenyewe, ya siri na utani na kuwateta wateja, yalikuwa ya baba na binti. Kwa hiyo simu iliyotakiwa ilikuwa ya kuonana. Dakika za kuitana haloo zingewafaa nini?

Hakulisema hilo kwa sababu alikuwa amechoka na zile sura. Kila alipotamka kwamba mwanawe hasikii, watu waliinamisha vichwa kama wako msibani, wakampa pole, naye akatamani kuwarushia pasi.

"Haya, nieleze polepole," dobi alimwambia dada wa laini.

Dada wa laini alimweleza polepole, na polepole hiyo ndiyo iliyommaliza. Mitandao ilikuwa mitatu. Wa kwanza una kasi lakini kifurushi chake hakikawii kuisha. Wa pili unakupa MB nyingi, ila nusu yake ni za kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, sijui walimtengenezea nani kama si walinzi na wezi. Wa tatu unashika kila mahali, kwa bei ya kumfanya mtu akae chini. Halafu kuna cha siku, cha wiki, cha mwezi, cha chuo, na kingine ambacho ukikinunua mara tatu unapewa cha nne bure, mradi uwe umejiunga na kile cha kwanza kabla hakijaisha.

"Kabla ya kuisha kipi?" aliuliza dobi.

"Cha kwanza."

"Si umesema cha kwanza hakikawii kuisha?"

"Huo ni mtandao wa kwanza, baba. Mimi nasema kifurushi cha kwanza."

Dobi alihisi kizunguzungu. Alichukua simu yake ajaribu mwenyewe. Akabonyeza moja, akabonyeza tatu, akabonyeza sifuri ili arudi alikotoka, akajikuta mahali asipopajua. Simu ikampa hongera kwa kujiunga na huduma ya utabiri wa nyota. Mpaka hadithi hii inaandikwa, bado inamwambia kila asubuhi kwamba atapata mgeni. Siku hiyo aliondoka pale na laini tatu za kujaribu, moja ya kila mtandao, zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Kibanda chake kilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, kamba za kutundikia mashati, na pembeni, karibu na dirisha, cherehani ya binti. Cha nyuma kilikuwa cha beseni na sabuni. Binti akaingia cha nyuma na simu yake, mlango ukafungwa, baba akabaki mezani na yake. Picha ikafunguka. Uso wa binti ukatokea, na kishimo chake shavuni. Jina lake la mikono lilitoka hapo, kidole shavuni, penye kishimo. La baba lilikuwa ngumi inayosukumwa mbele na kurudi, kama mtu anayenyoosha shati.

Dobi akamwita, akaanza kumweleza habari za mitandao mitatu. Binti akakunja uso.

"Mbona unanong'ona?" aliuliza kwa mikono. "Nusu ya maneno yako siyaoni."

Hapo ndipo dobi alipojitazama. Simu alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto na anaongea kwa wa kulia tu. Siku nzima ameumiza kichwa kwa kasi na MB na vifurushi vya usiku, asifikirie nani atamshikia simu. Akailaza mezani apate mikono yote miwili. Binti akaona dari. Akaiegemeza kwenye pasi. Pasi ilikuwa ya moto, akaiondoa haraka. Akaishikilia kwa kidevu, na binti kule chumbani akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mwishowe dobi alichukua hanga ya waya, akaikunja kwa koleo, akatengeneza kiti cha simu kinachoning'inia kwenye kamba ya mashati, usawa wa macho. Sasa aliweza kuongea kwa kinywa chake chote, maana yake mikono yote miwili.

Walijaribu laini zote. Ya kwanza, pamoja na kasi yake yote, ilikwama, mikono ya binti ikabaki hewani haiendi mbele wala nyuma. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka ilipokatika ghafla. Ya tatu haikukwama hata mara moja.

"Hii je?" aliuliza binti.

"Sijui," alisema dobi. "Ngoja nifikirie."

Alhamisi alirudi kwa dada wa laini, na safari hii alijikaza kisabuni, akasema. "Mwanangu hasikii. Tunaongea kwa mikono, tunaonana kwenye simu. Nataka cha kutufaa sisi."

Alisubiri ile sura. Dada wa laini hakuinamisha kichwa. Alitafuna kalamu, akauliza, "Mikono inakula MB ngapi kwa saa?"

Dobi hakujua. Dada wa laini naye hakujua. Aliulizia kwa wenzake wa miavuli ya jirani, mmoja akasema chache kwa sababu hakuna sauti, mwingine akasema nyingi kwa sababu mikono haitulii. Dobi akarudi kwake akiwa hajui hili wala lile, amechanganyikiwa kuliko jana.

Jioni binti alizima taa ya mezani akaiwasha, ndivyo alivyomwita baba yake anapotaka amsikilize. "Kesho ni Ijumaa. Umechagua?"

Dobi akaanza tena. Mtandao wa kwanza una kasi, lakini. Wa pili una nyingi, lakini. Wa tatu ndiyo, unashika, lakini huwezi kujua, huenda kule haushiki, na kifurushi cha mwezi, ukikilinganisha na vinne vya wiki, mahesabu yake hayaeleweki, na zile MB za usiku...

Binti akamshika viganja vyote viwili, akavituliza. Kwa watu wanaoongea kwa mikono, huko ni kumfunga mtu mdomo, na hakuwahi kumfanyia baba yake hivyo. Kisha akamwachia.

"Laini ya tatu ilishika. Niliona mpaka ufa wa ukutani nyuma yako. Na rafiki yangu aliyeko kule anaitumia hiyo hiyo, nilishakwambia. Wewe hujachanganyikiwa na simu, baba. Hutaki niende."

Dobi alitazama sakafu, lakini anayetazama sakafu hawezi kumjibu binti yule, ikabidi ainue uso.

"Nitaikosa kelele yako," alisema.

"Kelele gani? Mimi?"

"Ya cherehani."

Binti aliitazama cherehani, akamtazama baba yake. "Inapiga kelele? Kila siku?"

"Kila siku."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniambia? Inakusumbua?"

"Hapana! Unapoanza, unapiga meza kwa kiganja mara mbili. Pa, pa. Kisha inakimbia. Kisha inanyamaza, unageuza kitambaa. Kisha inakimbia tena. Mimi nipo na pasi yangu, nimekupa mgongo, sikuoni, lakini najua upo. Sasa kelele hiyo ikiondoka, na simu ya picha haiwezi kuachwa wazi kutwa kwa MB hizi, mimi nikigeuka kunyoosha shati nitajuaje kama upo?"

Binti aliweka kiganja chake juu ya cherehani iliyotulia, akakiacha hapo. Kisha akamwambia baba yake kwamba anampenda, na kwamba ataenda.

Ijumaa dobi alinunua kifurushi cha mwezi cha mtandao wa tatu. Dada wa laini alipomaliza kukiunganisha, simu ikasoma intaneti kiasi fulani na dakika mia tatu za maongezi.

"Hizi dakika zitoe, unipe MB zake," alisema dobi.

"Hazitoki, baba. Zimeshonewa humo humo."

"Nizifanyie nini?"

"Hata bure hutaki?" alishangaa dada wa laini, na dobi akaondoka amenuna. Binti naye aliwekewa kama hicho hicho. Jumapili alipanda basi, cherehani yake ikiwa imefungwa juu.

Siku nane mambo yalikwenda vizuri. Kila mchana simu ilining'inia kwenye hanga, na wapita njia wakasimama kumtazama Pasi Moto anavyorusha mikono mbele ya mashati matupu. Siku ya tisa, binti akiwa katikati ya kisa cha mwalimu wao aliyeshona mfuko wa suruali kwa nje, picha ikakatika. Ujumbe ukaingia: intaneti yako imekwisha, una dakika mia tatu.

Sasa ikajulikana mikono inakula kiasi gani. Wateja wa dobi walikuwa watu wa kulipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Walibaki na meseji. Dobi alikuwa msomaji wa kuvutavuta, na meseji haina uso wala kishimo shavuni. Siku mbili alipiga pasi kimya kimya. Aliunguza kola ya shati la watu. Pembeni palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani kwenye sakafu, na hakutaka mtu apafagie.

Siku ya tatu iliingia meseji ya maneno mawili. "Baba. Pokea."

Kabla hajamaliza kuisoma, simu ikaita. Namba ilikuwa ya binti, na haikuwa simu ya picha, ilikuwa simu ya kawaida, ya kuongea. Dobi aliduwaa. Asiyesikia anampigia nani? Amebonyeza kwa bahati mbaya? Simu imeibwa? Ameumia, mtu mwingine anataka kutoa habari? Akapokea.

"Haloo? Haloo! Nani wewe?"

Hakuna aliyejibu. Kulikuwa na mvumo wa chumba kikubwa, kiti kikaburuzwa, mkasi ukawekwa chini. Akabana simu sikioni mpaka ikamuuma.

Pa, pa.

Kisha cherehani ikakimbia.

Dobi aliisimamisha pasi, maana alikuwa karibu kuunguza shati jingine. Cherehani ilinyamaza, kitambaa kikageuzwa, ikakimbia tena. Binti alikuwa ameilaza simu juu ya meza yake ya kazi, akaendelea kushona kitu asichokisikia kwa ajili ya mtu anayekisikia. Dobi akalia waziwazi, mtu mzima, mlango ukiwa wazi na wateja wanapita.

Mkewe alitoka chumba cha nyuma, mikono imejaa povu, akadhani kuna msiba. Dobi akampa simu. Mama aliisikiliza. Hakuwa na ishara za kuongea na mwanawe zaidi ya njoo na kula, lakini hiki hakikuhitaji ishara. Akavuta kiti cha binti, akaketi pale penye alama nne, simu ikiwa mapajani, sauti imefunguliwa yote.

"Anashona nini?" aliuliza.

Dobi alikuwa ameshageuka, amewapa mgongo, ananyoosha mkono wa shati. Akatega sikio kidogo.

"Kitu kirefu," alisema. "Bado hajafika mwisho."