Sauti ya Bibi Mlinda Lango

Mwaka ule wa 1999 hakuna aliyemshinda Morihiko kwa kubana data, yaani kupunguza ukubwa wa picha na sauti zienee mahali padogo. Ndiyo sifa iliyompa jina katika ile kampuni ndogo ya gemu pale Osaka, ghorofa ya tatu, juu ya duka la masufuria. Alikabidhiwa gemu mashuhuri iliyojaza diski mbili, aihamishie kwenye kaseti moja ya gemu ambayo nafasi yake haikufika hata sehemu ya ishirini ya ile ya mwanzo. Mbele ya wenye gemu yao alijigamba, "Hakuna neno hata moja litakalopotea." Mkubwa wake, Bwana Igarashi, akatabasamu kwa fahari.

Miezi kumi alikamua. Picha zikakaa, filamu zikakaa, muziki nao ukakubali. Kilichogoma ni sauti ya bibi mlinda lango, anayesema na mchezaji tangu mwanzo hadi mwisho. Sentensi zake zilikuwa thelathini na nne, ndefu, na kila alipozibana zilitoka kama za mtu anayesemea mtungini. Aliyezisema alikuwa Tokuyama Kiyo, mwigizaji wa redio wa siku nyingi, mwenye miaka sabini na minne.

Angeweza kumwambia mkubwa wake kwamba mama yule aitwe, arekodi upya maneno yaliyofupishwa. Lakini ulimi ulishatangulia, na kuurudisha nyuma aliona haya. Akamwendea Fumie, msichana wa mapokezi, ambaye wakati wa chai aliwavunja watu mbavu kwa kumwiga bibi yule.

"Hebu yaseme haya, nimeyafupisha," alimwambia, wakiwa wamejibanza stoo kati ya maboksi.

"Kaka Morihiko, mwenyewe akijua?"

"Nani atajua? Sauti ya kizee ni sauti ya kizee."

"Haya. Mimi umenituma, lakini."

"Nimekutuma. Sema basi."

Kazi ilipokamilika, Igarashi alimwalika Mama Tokuyama aje kuitazama. Alikuja na boksi la maandazi ya wali yenye maharage matamu, akamgawia kila mtu kwa mkono wake, kisha akaketi mbele ya televisheni. Morihiko hakuwa ameambiwa kuhusu ugeni huo mpaka asubuhi ileile.

Lango likafunguka, bibi akasema. Mama Tokuyama akainamisha kichwa upande mmoja.

"Rudia, mwanangu."

Wakarudia.

"Anajitahidi," alisema taratibu. "Ila huyu siye mimi. Ni nani?"

Igarashi akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nani amefanya hivi?"

Fumie akainuka kwenye kiti chake karibu na mlango. "Sauti ni yangu," alisema. Akamtazama Morihiko, akangoja.

Morihiko aliona kabisa kwamba anangojwa. Neno lilikuwa moja tu, nalo lilishafika kwenye meno. Akainama, akajifanya anakaza waya nyuma ya mashine, ambao haukuwa umelegea.

"Wewe binti!" Igarashi alifoka. "Nani kakuruhusu kufanyia mzaha kazi ya watu wazima?"

Fumie alingoja kidogo zaidi. Kisha akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Nisameheni sana, mama."

Jioni Morihiko alimkuta akikusanya vitu vyake mezani: kikombe, kalenda, viatu vya ndani.

"Fumie, mimi..."

"Nilikuachia nafasi pale, kaka. Kubwa kuliko hiyo kaseti yako." Akampita.

Kesho yake kabla ya saa tatu Morihiko alisimama mbele ya Igarashi akamweleza yote, stoo na maboksi yake. Mkubwa wake alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo likamwumiza kuliko matusi.

"Barua yake ya kuacha kazi imeshafika," Igarashi alisema mwishowe. "Nimempigia simu nimwombe radhi. Hataki kurudi. Sasa nenda kwa mama yule, na uende peke yako."

Mama Tokuyama alimpokea sebuleni. Morihiko alipiga magoti, paji la uso likagusa mkeka, akasema yote.

"Inuka, unaniumiza shingo mimi," alisema mama. "Kwa nini hukuniuliza tu?"

"Niliona haya, mama."

"Haya! Redioni mimi nilipewa sekunde kumi na tano kumlilia mume, kumzika na kuolewa tena. Lete hayo maneno."

Akavaa miwani, akachukua penseli nyekundu, akakata. Mchana mmoja tu sentensi thelathini na nne zikabaki theluthi ya urefu wake, na hakuna maana iliyodondoka. Wiki iliyofuata akazirekodi, zikaingia kwenye kaseti bila kubanwa mpaka kufa. Kila moja ilipokaa mahali pake, Morihiko alizidi kuona jinsi uovu wake ulivyokuwa wa bure.

Gemu ikatoka, magazeti yakaisifu. Yaliandika jina lake, na moja likamwita fundi. Gazeti hilo hakumwonyesha mtu.

Siku moja alisikia Fumie anauza achari dukani kwa shangazi yake. Akaenda, akapanga foleni, akafika mbele.

"Nilimweleza Bwana Igarashi yote," alisema. "Kwamba ni mimi niliyekutuma."

"Lini?"

"Kesho yake asubuhi."

"Mimi nilikuhitaji siku ile." Hakusema kwa hasira. Alikuwa akifuta mikono kwenye aproni. "Unanunua, au umesimama tu? Watu wako nyuma yako."

Morihiko akaomba achari ya figili. Akafungiwa vizuri, akaambiwa ahsante kama mteja mwingine yeyote, akatoka njiani na pakiti mkononi, uso unawaka.