Talaka ya Mvua

Vyura wa bonde la Pujini walikuwa wakifa, na Asma, mtafiti kutoka Chake Chake, alitakiwa aseme mwuaji ni nani. Wakulima walishaamua: ni mvua, siku hizi inashuka na tindikali. Raha ya kuilaumu mvua ni kwamba haina mwenyewe wa kuja kujitetea.

Asma akatega mabeseni ya kukinga mvua: moja bondeni, moja mjini, moja uani kwa mama mkwe wake, Bi Mwanawema. Maji yote yalikuwa safi ila ya uani. Hayo yaliigeuza karatasi ya kupimia ikawa nyekundu. Akainama, akaona kokwa ya ndimu imezama.

"Mama, umekamua ndimu humu?"

"Nimekamua," Bi Mwanawema akajibu bila kupepesa. "Hata mimba ya kuharibika hujapata, kutwa wahesabu mayai ya vyura. Sasa wataka kummaliza na mwanangu?"

Mwanawe ni Hamad, mume wa Asma, muuza dawa ya wadudu iliyonyunyizwa bonde zima. Asma alishaweka viluwiluwi kwenye maji ya mvua, wakacheza. Akawaweka kwenye maji yaliyotuama mashambani bondeni, wakaelea matumbo juu kabla chai yake haijapoa. Hapakuwa na la kubahatisha.

Alipoambiwa, Hamad hakugomba. Alikaa kitako, akaitundika talaka kama mtu anayetundika kanzu.

"Siku utakayowambia watu mvua hino ni safi, siku hiyo umeachika."

Na Asma alimpenda, maskini! Alimpenda kwa upumbavu ule ambao elimu haiutibu. Mkutanoni alisimama mbele ya wakulima, akasema, "Mvua ni chachu." Wakashusha pumzi. Wengine walitoka pale moja kwa moja hadi dukani kwa Hamad, mabomba ya kunyunyizia mgongoni.

Vuli ilipoingia, bonde lilikuwa kimya. Mpunga ulistawi, duka likastawi, na Hamad akaoa msichana wa Jadida, Yumna. Vigelegele vilipopigwa, Asma akamwendea mumewe huku machozi yanamtoka.

"Umenifanyia nini, Hamad? Si nilisema ulivyotaka?"

Hamad akamtazama kwa upole, ule ule anaowatazamia wateja. "Na mie nimetimiza ahadi. Kwani nimekuacha?"

Mlangoni, Bi Mwanawema alikuwa akiita mtu wa kupokea mizigo ya bi harusi. Asma akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaenda.