Mtihani wa Jumanne

Mume wangu alifundisha shule ya msingi hapa Kiirua miaka thelathini na moja, akastaafu bila kuamini kwamba mitihani imekwisha.

Alipopatikana na sukari na presha, alipewa vidonge, daftari na tarehe: kliniki kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Wengine walisikia wanaambiwa wabadilishe maisha. Yeye alisikia tarehe. Mwezi mzima alikunywa chai ya vijiko vinne, akala viazi vya mafuta na chumvi ya kumwagia, na vidonge vikalala kwenye kopo. Ikifika Jumamosi ya kuelekea kliniki, anaanza kudurusu. Chai bila sukari, sukuma ya kuchemsha, vidonge asubuhi na jioni, matembezi hadi barabara ya Nanyuki na kurudi. Jumanne anaenda bila kula, anatobolewa kidole, anapita.

Sista Ednah, muuguzi wa kliniki, alimpenda. Aliwaonyesha wagonjwa wengine daftari lake, tano, sita, tano, akawaambia wamuige Mwalimu Marete. Nami nilikuwa nimekaa pale na kitambaa changu cha kanisani, nikajiona mke wa aliyeshika namba moja. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua kwamba tukitoka tutaingia hotelini kwa mandazi na soda ya kujipongeza, na nilinyamaza kwa sababu nami nilikula.

Mwezi wa sita alikanyaga msumari shambani, ukapenya gambuti. Hakuusikia, maana sukari ilikuwa imeshatia miguu yake ganzi. Kidonda kilipoanza kunuka alikifunga kitambaa, akavaa soksi mbili, maana kliniki ilikuwa karibu na hakutaka kuharibu rekodi. Akapita tena, na kwa kuwa namba zilikuwa nzuri, hakuna aliyemvua viatu.

Mwezi uliofuata walikuja wageni wa kaunti na kipimo kingine, kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Mume wangu aliposomewa kumi na tatu, alisimama wima.

"Sista, hiyo swali haikuwa kwa silabasi."

Hakuna aliyecheka. Ednah alimkalisha, akamvua soksi, kisha akageuka kuniangalia.

"Mama Kaari, ulikuwa unajua?"

Nikasema hapana.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Wanafunzi wake wa zamani walikuja kumpa pole, kila mmoja na unga na kilo mbili za sukari, kama tunavyomtembelea mgonjwa hapa kwetu. Niliipanga ile sukari kabatini, nikawashukuru.

Wageni wa kaunti hawakurudi na kipimo chao. Kilibaki cha kidole tu, na Mwalimu alilijua hilo. Jumamosi kabla ya kliniki aliniita kutoka kitandani, akataka kopo la vidonge na chai isiyo na sukari, kwa sauti yake ile ya darasani. Nilifungua kabati la ile sukari ya wageni. Nilitia vijiko vinne, nikakoroga mbele ya macho yake, nikamshikisha kikombe.

"Kunywa, Mwalimu. Jumanne hii wacha Sista asome vile sisi tunaishi."