Uwanja Usiolimwa

Kisangani hakuna ardhi inayolala bure. Anayebisha avuke mto aende Lubunga, afuate reli: mihogo imepandwa mpaka kwenye mawe ya tuta, matembele yamejaa mitaroni, na nyuma ya ofisi za serikali mahindi yanachungulia madirishani. Ndiyo maana Ramla, siku ya kwanza kufika kwenye klabu ya zamani ya gofu huko Lubunga, walikochezea Wabelgiji huku Wakongo wakiwabebea mifuko ya fimbo begani, hakuanza kutazama jumba lenye veranda pana wala bwawa la kuogelea lililopakwa rangi upya. Alitazama nyasi. Uwanja ulikuwa mkubwa, hauna ukuta wala seng'enge, nyumba za watu zimeuzunguka pande tatu, na hakuna aliyechomeka humo hata kijiti cha muhogo. Mashamba yalikuja mpaka ukingoni yakakoma kwa mstari mmoja ulionyooka, kama kitambaa kilichopita kwenye mkasi wa baba yake, mzee Mahmoudi, fundi cherehani.

Aliliweka jambo hilo kichwani pamoja na mengine, kwa kuwa alikuwa kazini. Papa Léopold, tajiri wa jumla kutoka Butembo aliyeuza saruji, mabati na unga katika nusu ya jimbo la Tshopo, alikuwa akiandaa karamu ya kampuni yake. Wangekuja wateja wakubwa, wenye malori na watu wa benki, naye alitaka kuwalisha mahali ambapo hawajawahi kula. Ramla alikuwa msimamizi wa ofisi, na alikuwa ameambiwa mapema: tawi jipya la Isiro linatafuta mkuu. Karamu ikifana, mkuu ni yeye. Ikiharibika, mkuu ni Elisée, mtoto wa dada yake Papa Léopold. Hapakuwa na siri. Elisée mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo, na ndiye aliyetumwa kufuatana na Ramla kwenda kukagua.

Walikuwa wamekwisha kuona mahali pawili. Hoteli ya ukingoni mwa mto ilikuwa na kila kitu, ila hapakuwa na mtu mjini ambaye hajawahi kula samaki wake. Ukumbi wa parokia ulikuwa na viti vya kutosha, na paa lililovuja. Klabu ilipashinda pote pawili. Vyoo vilifanya kazi, jenereta lilikuwa jipya, kivuli kilitosha, na nyuma ya jiko palikuwa na kisima ambacho, kwa maelezo ya mwangalizi, hakijawahi kukauka hata mabomba ya mjini yalipokauka.

Mwangalizi huyo aliitwa Célestin. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake jeupe limepigwa pasi, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Alijibu kila swali kwa ufupi na kwa adabu. Ramla alipouliza ni nani anayekata nyasi, alisema hazikatwi. Zinafika hapo, zinakoma. Kisha akaleta nanasi lililokatwa vizuri kwenye sahani.

"Ya hapa hapa, madame," alisema.

Ramla alikuwa amefunga. Alikuwa analipa siku zake za Ramadhani, kama wanawake wa kwao wanavyofanya, moja moja, kabla Ramadhani nyingine haijawakuta. Akaisukuma sahani upande wa Elisée, naye hakubembelezwa.

"Yaya Ramla," alisema, kama wa huko wanavyomwita dada mkubwa, maji ya nanasi yakimtiririka kidevuni, "siku ya kiama tumbo yako itakushitaki. Itasema, huyu mama aliniletea nanasi mbele ya macho, halafu akanipa harufu tu."

"Kula, unyamaze."

Akala fungu lake na la Ramla. Célestin aliwatazama mpaka sahani ikabaki tupu, akatazama jua, akaomba radhi kwamba mchana ana shughuli.

Walipotoka, Elisée alitangulia gatini kutafuta mtumbwi. Ramla alibaki nyuma. Ukingoni mwa uwanja mwanamke mmoja wa umri wa mama yake alikuwa akilima, na jembe lake liligeuka kila lilipofika kwenye ule mstari. Ramla alimsalimu, akaambiwa jina lake ni Mama Asha, akauliza alilotaka kuuliza tangu asubuhi.

"Mama, kule mbona hamupande?"

"Tulipandaka."

"Ikakataa?"

"Ilikubali, mutoto yangu. Ilikubali kupita ya huku."

Alisimulia bila kuweka jembe chini. Mume wake ndiye aliyekula kwanza muhogo wa kule. Kesho yake mchana aliinuka kwenye kiti, akaenda uwanjani, akashusha bega moja, akaanza kutembea. Hatua chache, anasimama. Hatua chache, anasimama, kama mtu anayemfuata mwingine asiye na haraka. Jua lilipozama alirudi nyumbani, akaomba chakula, na hakujua alikokuwa. Siku iliyofuata akaenda tena. Majirani wawili waliokula muhogo uleule nao wakaenda.

Ramla aliuliza hayo yalidumu kwa muda gani. Mama Asha akaelekeza kidevu upande wa miti. Mbali, kwenye nyasi, watu walikuwa wakitembea kwa mstari, mabega yameshuka upande mmoja. Ramla alikuwa amewaona alipokuwa akitoka akadhani ni vibarua wa klabu.

"Kitu yote yenye kutoka mu ule udongo," alisema Mama Asha, "usiweke mu kinywa. Ni ile tu."

Kwenye mtumbwi Ramla aliyapanga aliyosikia. Muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hulemaza miguu. Hilo madaktari wameliandika, na Kongo nzima inalijua. Lakini wale watu hawakuwa vilema. Walitembea vizuri kabisa. Hilo lilibaki bila pa kuwekwa, na Ramla hakupenda jambo lisilo na mahali pake. Mbele yake Elisée alikuwa akipiga mluzi.

Kesho yake mchana kiti cha Elisée kilikuwa kitupu. Kesho kutwa vilevile. Siku ya tatu Ramla alivuka mto.

Alimkuta uwanjani, nyuma ya mzee ambaye Mama Asha alimwonyesha kuwa ni mume wake, mbele ya Célestin. Alivaa viatu vyake vya ofisini. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, mkono umekunjwa kifuani kama ulioshika kitu. Ramla alimwita kwa jina. Hakugeuka. Alisimama pale wale wengine waliposimama, akanyoosha mkono pembeni, akampa mtu asiyekuwepo kitu kisichokuwepo, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Kisha wote kwa pamoja wakainua nyuso, wakafuata kwa macho kitu kinachopita juu angani, mpaka kikaanguka mbali. Wakaanza kutembea tena.

Hapakuwa na upepo. Hapakuwa hata na mbuzi kwenye nyasi zile, na Lubunga imejaa mbuzi.

Asubuhi iliyofuata, ofisini, Ramla alimuuliza Elisée jana mchana alikuwa wapi.

"Si hapa na weye, yaya?" Alicheka. "Ao unaanza kunichunga sasa?"

Mbegu za nyasi zilikuwa zimemganda kwenye pindo za suruali. Ramla alimwambia aende kwa daktari. Elisée akauliza anaumwa nini, akaendelea na kazi yake.

Ramla alikwenda kwa Papa Léopold, akamweleza kwamba kila mchana Elisée yuko kwenye klabu. Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Papa Léopold alifurahi. Kumbe kijana amepata bidii, alisema. Amekwenda kusimamia mambo bila kutumwa. Kisha akamtazama Ramla kwa jicho la mtu anayelinganisha wafanyakazi wawili.

"Bon, Ramla. Hoteli ao klabu? Unipe jibu moja, na sababu yake. Nikitaka kubahatisha nitabahatisha mimi mwenyewe."

Ramla alikuwa na dakika ya kusema. Angesema nini? Kwamba mwanamke mwenye jembe amemwambia? Angechagua hoteli bila sababu, na mtu anayechagua bila sababu hapewi Isiro. Tena, alijiambia, hatari ikijulikana inazuilika. Hakuna aliyedhurika kwa kuzikanyaga nyasi. Yeye mwenyewe alikuwa amezikanyaga. Waliodhurika walikula. Basi chakula kisitoke pale.

"Klabu," alisema. "Iko na kivuli, iko na nafasi, na hakuna mwenye ameshakulaka kule." Akaongeza sharti moja, kwamba kila kitakachowekwa mezani kitoke ng'ambo ya huku. Papa Léopold aliona ni uangalifu wa gharama, akamsifu.

Ramla alilitimiza sharti lake kwa ukali. Samaki walitoka Yanonge, chikwangue, ile mikate ya muhogo, na pondu, yaani kisamvu, vilitoka kwa wanawake wa Mangobo aliowajua kwa sura, mbuzi walichinjwa mjini mbele yake. Matunda, chumvi, mkaa, hata maua ya mezani, vyote vilivushwa. Maji yalikuwa ya chupa, na kila chupa aliikagua kifuniko. Siku ya karamu, Jumamosi, yeye mwenyewe alifunga. Alikuwa amebakiza siku ya kulipa, alisema, na ingeweza kuwa siku yoyote, alichagua hiyo.

Karamu ilifana. Watu wa benki walivua makoti. Wenye malori walicheza kwenye veranda na wake zao. Mchana ulipoingia, Elisée aliweka sahani chini, akashuka ngazi, akaenda nyasini kwenye mstari wake. Mgeni mmoja aliuliza wale ni nani. Papa Léopold akasema kwa kujivuna kwamba mpwa wake anajifunza gofu, na wote wakacheka.

Kisha akagonga glasi kwa kijiko. Aliwashukuru waliokuja, akawashukuru waliolipa kwa wakati, akawatania ambao bado.

"Na huyu dada yenye munaona hakulaki wala hakunywaki," alisema, "ndiye alipanga yote. Alors, Ramla, Isiro iko yako. Wende ukawafungishe njaa kule."

Makofi yalipigwa. Ramla aliinama kidogo, akahisi furaha ikimpanda kifuani, furaha safi ya mtu aliyefanya hesabu yake ikatoka sawa. Papa Léopold aliinua glasi, na wageni wote wakainua zao, na katika ule ukimya mfupi kabla ya kunywa Ramla alisikia mlio mdogo, mwepesi, meza hadi meza.

Barafu.

Vinywaji vilivuka mto vikiwa baridi. Juani vilikuwa vimepata joto. Yeye hakuagiza barafu. Alipogeuka, Célestin alikuwa ameweka ndoo tupu karibu na mlango, anatazama jua, anajifuta mikono ili aondoke.

"Barafu imetoka wapi?"

"Ya hapa hapa, madame," alisema Célestin kwa upole. "Kisima yetu haikaukake."

Ramla aligeukia meza. Walikuwa wamekwisha kunywa.

Jumapili alivuka mapema, akaketi ukingoni mwa shamba la Mama Asha, upande wa huku wa mstari. Mama Asha alisogeza kapu lake, nafasi ikapatikana.

Baada ya adhuhuri kivuko kilifunga gati. Walikuja kwa miguu, wengine bado katika nguo za misa, wanaume wenye malori, wake zao, watu wa benki, bila kusukumana na bila kuongea. Papa Léopold alikuwa mbele. Ramla aliinuka, akamwita papa, akamwita bwana, akamshika mkono wa koti. Papa Léopold alipita kama mtu apitavyo penye majani. Alipofika kwenye nyasi bega lake la kulia likashuka.

Ramla alikuwa amekua chini ya meza ya cherehani. Alijua koti linavyokaa kwenye bega tupu na linavyokaa kwenye bega lililobeba. Akatazama, kwa kuwa kutazama ndicho kitu pekee alichobakiza. Toka begani hadi kwapani kitambaa kilikuwa kimebonyea kwa mstari mwembamba, ulionyooka, upana wa mkanda wa mfuko. Na kila Papa Léopold alipopiga hatua, mkanda ule uliingia ndani zaidi.